Mstari Kabla ya Msumeno

Vuta droo ya kabati la zamani, lile lililotengenezwa kwa mkono, itoe yote na uielekeze kwenye mwanga. Pale konani, mbao mbili zinapoumana kwa meno yaliyopanuka ya kiungo cha mkia wa njiwa, utaona mkwaruzo mwembamba umepita sambamba na mwisho wa mbao, umegusa mashina ya meno yote kwa mpigo mmoja. Fundi angeweza kuufuta kwa randa. Wengi hawakujisumbua, maana ubavu wa droo haumtazami mgeni. Wanaofanya biashara ya samani za kale huutafuta mkwaruzo huo kwa ukucha, kwa kuwa unawaambia kwamba mtu ndiye aliyeamua patasi isimame wapi.

Historia ya useremala husimuliwa zaidi kupitia zana zinazokata: shoka, tezo, msumeno, randa. Zana inayochora hutajwa pembeni, kama inatajwa. Naona ni dhuluma. Msumeno hufuata tu, na ukifuata mstari mbovu utakata vibaya kwa ustadi mkubwa. Tena zana hii ya kuchorea, kwa sehemu kubwa ya umri wake, haikununuliwa dukani. Fundi aliitengeneza mwenyewe kwa kipande kilichobaki, kwa ajili ya kazi iliyokuwa mbele yake. Umaskini haukuwa sababu pekee ya kufanya hivyo, wala haukuwa sababu kubwa.

Magogo ya Kalambo, visima vya Saxony

Mto Kalambo unashuka kwa maporomoko ya zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alichimba karibu na maporomoko hayo kuanzia miaka ya 1950. Alikuta vipande vya mti vilivyohifadhiwa na ardhi yenye maji, lakini mbinu za wakati wake hazikuweza kuvipa umri. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilifukua tena mahali hapo, na Septemba 2023 matokeo yakatoka katika jarida la Nature. Yalionekana magogo mawili yaliyolazwa kwa kukingamana, la juu likiwa limechongwa pengo makusudi ili likae juu ya la chini. Umri wake ni angalau miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea, na tayari kulikuwa na kiungo cha mbao.

Kazi ya namna ile haidai namba. Gogo la chini lenyewe ndilo kipimo: unalaza la juu mahali pake, unaona pengo linahitaji upana gani, unakata, unajaribu, unakata tena. Maseremala wa leo hufanya vivyo hivyo wanapochora meno ya upande mmoja wa kona kwa kuufuata upande uliokwisha kukatwa. Njia hiyo ni sahihi kuliko futi kamba yoyote. Kasoro yake ni kwamba kila kipande kinamjua mwenzake mmoja tu. Ukivichanganya vipande, umepotea.

Kwa milenia nyingi kasoro hiyo haikumsumbua mtu. Katika jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani, kumefukuliwa visima vinne vya wakulima wa kwanza wa Ulaya ya Kati. Kwa kuhesabu pete za miti, watafiti walionyesha mwaka 2012 kwamba mialoni iliyotumika kujenga visima hivyo ilikatwa kati ya 5469 na 5098 KK. Waliovijenga hawakuwa na chuma wala shaba, walikuwa na matezo ya mawe. Hata hivyo mbao ziliumana konani, na mahali pengine ulimi ulipita ndani ya tundu, ukatokea upande wa pili na kufungwa kwa kabari. Wachimbaji waliokuta viungo hivyo walistaajabu, na walikuwa na haki ya kustaajabu: fundi wa leo angeviona na kuvielewa bila mkalimani. Lakini kisima ni kimoja, kinajengwa mahali pake, kipande kwa kipande. Kila ulimi unaweza kuchongwa kwa kulifuata tundu lake. Shida huanza pale vipande vinapokuwa vingi na waliovichonga si wale watakaoviunga.

Vipande 1,224

Mwaka 1954 mwanaakiolojia Kamal el-Mallakh alifunua shimo lililofunikwa kwa mawe kando ya piramidi ya Khufu huko Giza. Ndani yake mlikuwa na jahazi la mwerezi wa Lebanoni, lenye umri wa miaka ipatayo 4,500, limevunjwa kwa utaratibu na kupangwa kwa tabaka: vipande 1,224. Kazi ya kulirudisha alipewa Ahmed Youssef, ikamchukua zaidi ya miaka 10. Kilichomsaidia ni alama. Maseremala wa Farao walikuwa wameweka ishara juu ya vipande kuonyesha ni vya robo ipi ya chombo, mbele au nyuma, kulia au kushoto. Lilipokamilika, lilikuwa na urefu wa mita 43 na zaidi kidogo, mbao zake zikiwa zimeungwa kwa ndimi zilizoingia matunduni na kukazwa kwa kamba.

Hapo tayari tunaona kazi mbili za uchoraji ambazo mara nyingi huchanganywa. Moja ni kuonyesha kipande ni cha wapi. Nyingine ni kuonyesha kikatwe wapi. Kwa hiyo ya pili Wamisri walikuwa na dhiraa ya kifalme ya viganja saba, yapata sentimita 52, na walikuwa na zana za pembe. Katika kaburi la fundi Sennedjem, lililofunguliwa mwaka 1886 huko Deir el-Medina, zilipatikana skwea na fremu za kupimia usawa, zote za mbao. Alizikwa nazo. Na samani zilizobaki za nyakati za Mafarao zinaonyesha ulimi na tundu, hata mkia wa njiwa, kwa usafi unaomtia aibu mtu aliye na umeme karakanani.

Jinsi alama zinavyoweza kugeuza mambo makubwa ilionekana vizuri zaidi baharini, katika vita. Karibu na Marsala, kisiwani Sicily, mwanaakiolojia Honor Frost aliongoza uchimbaji wa meli ya Wakarthago kuanzia mwaka 1971. Ilikuwa imezama katika karne ya 3 KK, na juu ya mbao zake palikuwa na herufi za Kipuniki zilizopakwa rangi na wajenzi kuonyesha wapi sehemu gani inakaa. Mwanahistoria Polybius anasimulia kwamba Waroma, waliokuwa hawana jeshi la majini la maana, waliikamata meli moja ya Karthago iliyopanda mwamba, wakaitumia kama kiolezo, wakajenga meli 100 kubwa na nyingine 20 ndogo. Mwandishi Mroma Pliny anaongeza kwamba iliwachukua siku 60. Kwa karne nyingi wasomi waliyaona hayo kuwa majigambo ya Waroma. Herufi za Marsala zimeyafanya yaaminike zaidi: meli iliyochorwa hivyo inaweza kuvunjwa vipande, kuigwa na kuzidishwa na watu wasiojua sanaa yake yote.

Pliny huyo huyo alimtaja Theodorus wa Samos kuwa ndiye aliyebuni skwea. Sennedjem, aliyezikwa na yake miaka mia kadhaa kabla ya Theodorus kuzaliwa, angecheka.

Wino na wembe

Upande wa mashariki ya mbali mambo yalichukua njia nyingine. Wachina wanamhesabu Lu Ban, fundi wa karne ya 5 KK, kuwa baba wa maseremala, na kumpa sifa ya zana karibu zote, ukiwemo uzi wa wino: kamba nyembamba inayopita kwenye kidau cha wino, inavutwa juu ya gogo, inainuliwa kwa vidole viwili na kuachiwa, ikaacha mstari mnyoofu hata juu ya gogo lililopinda. Japani ilichukua zana hiyo ikaifanya pambo la fundi. Maseremala walizoea kukichonga wenyewe kile kidau chao, kila mmoja kwa mtindo wake.

Kwa viungo vidogo Wajapani wana geji yao, yaani zana ya kuchora mstari sambamba na ukingo, iitwayo kebiki, na tofauti yake na ya Ulaya inatokana na mti. Mbao zao za ujenzi ni laini, na ncha ya msumari ikipita juu ya mbao laini kukata nyuzi huzichana. Kebiki basi ina kijiwembe badala ya ncha. Jengo nalo halikuhitaji namba nyingi. Kitabu cha Shōmei, kilichoandikwa mwaka 1608 na ukoo wa mafundi wa Heinouchi, kinaeleza hekalu zima kwa uwiano: nguzo ikiwa hivi, boriti iwe sehemu kadhaa ya nguzo, na kuendelea. Fundi aliyejua uwiano huo alihitaji ufito mmoja uliochorwa vizuri. Vilivyobaki vilizaliwa kutoka kwenye ufito.

London, 1571 hadi 1678

Zamu ya Ulaya inaanzia kwenye ugomvi wa vyama vya mafundi, jambo ambalo halitamshangaza msomaji yeyote aliyewahi kusubiri fundi rangi na fundi umeme waelewane. Chama cha waunga mbao wa London kilipewa hati ya kifalme na Malkia Elizabeth I mwaka 1571. Maseremala wa majengo walikuwa na chao cha zamani zaidi. Nani atengeneze meza? Nani atengeneze kitanda? Mwaka 1632 wazee wa jiji waliamua, na uamuzi wao ulifuata kiungo: kazi iliyounganishwa kwa gundi, kwa mkia wa njiwa, kwa ulimi na tundu la namna ya samani, iende kwa waunga mbao, ile ya misumari na mbao za kupigiliwa ibaki kwa maseremala.

Uamuzi huo ulikuwa na nguvu kuliko ulivyoonekana. Kiungo kiligeuka mpaka wa riziki. Mtu aliyeweza kuchora ulimi na tundu vikaingiana bila mwanya alikuwa na kazi ambayo jirani yake mwenye nyundo alikatazwa kuifanya. Baadaye, aliporudi Mfalme Charles II mwaka 1660, mitindo ya Uholanzi na Ufaransa iliingia na makabati yenye droo nyingi, na droo inataka mkia wa njiwa konani, kwa sababu mkono unaovuta mbele ndio unaotafuta kuing'oa mbao ya mbele.

Katika hali hiyo Joseph Moxon, mchapishaji na mtengenezaji wa ramani, alianza mwaka 1678 kutoa Mechanick Exercises, vijitabu vilivyouzwa kimoja kimoja vikieleza kazi za mikono: uhunzi, uungaji mbao, useremala, ukerezaji. Michoro yake ya zana aliichukua kwa sehemu kubwa kutoka kitabu cha Mfaransa André Félibien cha mwaka 1676, bila haya iliyoonekana. Lakini maelezo yalikuwa yake, na humo ndani geji inaelezwa kama zana ya kawaida ya benchi: kazi yake ni kuchora mstari sambamba na upande ulionyooka, hasa kwa ajili ya matundu na ndimi.

Ukiitazama geji yenyewe, ni kitu kidogo cha kuchekesha. Ni kijiti cha mraba cha urefu wa shubiri moja na ushee. Karibu na ncha yake umepigiliwa msumari mdogo uliochongwa mkali. Kijiti kinapita katikati ya kibao kinene, tukiite kichwa, na kabari ndogo inakibana kichwa kisisogee. Kichwa kinaegemea ukingo wa mbao, msumari unagusa uso, unasukuma, basi. Ukingo ukiwa umenyooka, mstari unanyooka. Ukingo ukipinda, mstari unapinda vilevile. Geji haina ukweli wake yenyewe, inanakili ukweli wa ukingo.

Kwa sababu hiyo fundi mwenye adabu hupiga randa uso mmoja na ukingo mmoja kabla ya yote, akaviwekea alama. Kisha mistari yote ya kazi huchorwa kichwa cha geji kikiegemea nyuso hizo mbili tu. Mbao moja ikiwa nene kuliko mwenzake kwa milimita moja, milimita hiyo inasukumwa upande wa nyuma, ambako hakuna atakayeiona, na upande wa mbele viungo vinakaa sawa. Mwanafunzi anayebadilisha upande katikati ya kazi hupata meza inayocheza, akailaumu gundi.

Faida nyingine iko kwenye mkwaruzo wenyewe. Mstari wa penseli una unene, na ukiuliza ukatwe katikati, kulia au kushoto, utapata majibu matatu. Ncha ya geji hukata nyuzi na kuacha mfereji. Patasi ikiwekwa pale inaingia yenyewe, na ikigongwa, mbao inaachia kwa ukingo safi kwa sababu nyuzi za juu zimekwisha kukatwa.

Kwa tundu na ulimi kuna hila zaidi. Fundi haanzi na namba hata kidogo. Anaichukua patasi atakayotobolea tundu, anaweka upana wake kati ya ncha mbili, anafunga kabari. Halafu kwa mpangilio huo huo, bila kuugusa, anachora matundu yote na ndimi zote za meza nzima. Hakuna aliyesoma milimita wala inchi. Kama patasi imenolewa mara mia ikapungua upana, geji imepungua pamoja nayo. Zamani palikuwa na geji moja kwa kila patasi. Kuelekea mwisho wa karne ya 18 zikaenea zile zenye ncha ya pili inayosogea.

Hapa ndipo sababu ya kujitengenezea inapoonekana. Geji ya kununua inajua kila kipimo, na kwa hiyo inaweza kusogea. Ya kujitengenezea, yenye msumari uliopigiliwa mahali pamoja, inajua kipimo kimoja na haisahau. Geji nyingi zilizobaki kutoka karne ya 18 na ya 19 hazina muhuri wa kiwanda chochote, zina herufi za jina la mwenyewe tu, zimechongwa kwa kisu.

Paris iliongeza kitabu kikubwa zaidi. André Jacob Roubo, ambaye tofauti na Moxon alikuwa fundi benchi hasa, alichapisha L'Art du menuisier kuanzia mwaka 1769, kikiwa na mabamba ya michoro 382. Aliandika kwa ajili ya wasomi wa Akademia ya Sayansi, lakini mkono wake unaonekana kila ukurasa.

Mstari unahamia kwenye chuma

Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kapi za mbao za kamba za matanga, na lilizihitaji kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Zilikuwa zikichorwa na kuchongwa kwa mkono. Kati ya 1803 na 1808, katika bandari ya kijeshi ya Portsmouth, mhandisi Marc Isambard Brunel alisanifu na Henry Maudslay akatengeneza mashine 45 za kuzizalisha. Kufikia 1808 kiwanda kilitoa kapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio mafundi walifanya kazi ya mafundi 110.

Ukiuliza kilichobadilika, jibu rahisi ni mvuke. Jibu lililo karibu na benchi ni kwamba mstari ulitoweka. Mbao ilibanwa ndani ya kishikio cha chuma, na kishikio ndicho kilichojua tundu linakaa wapi. Mtu mmoja alichora mara moja, wakati mashine inasanifiwa, na baada ya hapo hakuna aliyechora tena. Mafundi 100 waliokosa kazi walikuwa wamepoteza hasa ile sehemu ya kazi yao iliyofanyika kabla ya kukata.

Mkia wa njiwa ulikataa kwa muda. Meno yake yana mteremko na kona kali za ndani, na mashine za katikati ya karne ya 19 zilipenda kuzunguka. Mwaka 1867 Mmarekani Charles B. Knapp alipata hataza ya mashine iliyozunguka tatizo hilo: ilikata nusu duara kwenye mbao moja, na vigingi vya duara kwenye nyingine. Droo za Marekani za miongo mitatu iliyofuata zina kona za ajabu zenye miezi midogo. Kisha mashine zikajifunza kukata mkia wa njiwa halisi, watu wakarudi kwenye sura waliyoizoea, na kiungo cha Knapp kikafa kabla karne ya 20 haijakomaa.

Viwanda hivyo hivyo viliiuza geji kwa fundi aliyebaki. Sheffield, ambako kampuni ya William Marples ilianza mwaka 1828, ilitoa geji za miti ya thamani zenye vipande vya shaba ya njano, nzuri kiasi cha kuwekwa sebuleni. Marekani, Stanley Rule & Level ilizaliwa mwaka 1857. Laroy S. Starrett alipata hataza ya skwea yenye kichwa kinachoteleza mwaka 1879, akafungua kampuni yake mwaka uliofuata. Skwea ya Starrett ilikuwa na namba zilizochongwa ndani ya chuma. Mwanafunzi wa kawaida sasa alikuwa na zana ya kuchorea iliyomwambia kipimo, na waalimu walipenda hilo, kwa sababu namba inaweza kuandikwa ubaoni.

Pwani na shule, 1868 hadi 1924

Afrika Mashariki haikusubiri ubao wa mwalimu. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1, unataja mashua zilizoshonwa katika pwani hii. Mtepe, uliotengenezwa pande za Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo: mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, bila msumari. Mtu anayesifu mshono husahau tatizo la uchoraji lililotangulia. Kila tundu la mbao ya juu lazima litazamane na tundu la mbao ya chini, mamia kwa mamia, juu ya ubavu uliopinda. Likikosea moja, kamba inavuta mshazari na maji yanaingia. Wajenzi wa majahazi hawakuwa na ramani ya karatasi. Walikuwa na kamba, macho, na mbao iliyotangulia, iliyokuwa kipimo cha inayofuata. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, milango ya karne ya 19 iliyoongozwa na mafundi wa Kihindi inaonyesha mkono mwingine wa uchoraji, wa bikari na mraba, ua moja likirudiwa hadi juu ya kizingiti.

Shule zilikuja na misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kuwafundisha useremala na kazi nyingine watu waliokombolewa utumwani. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1875. Wakati huo Ulaya ya kaskazini nayo ilikuwa na vuguvugu la kufundisha kazi za mikono shuleni: Uno Cygnaeus alikuwa ameziingiza katika shule za Finland mwaka 1866, na Otto Salomon akaendesha chuo cha walimu huko Nääs, Sweden, ambako mtoto alianza na kijiti cha kuchonga na kufika kwenye kabati. Salomon alitaka kukuza akili ya mtoto. Serikali za kikoloni zilichukua benchi na kuacha sehemu kubwa ya nia hiyo. Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ikisifu elimu ya vitendo kwa Waafrika, na mwaka huo huo ikafunguliwa Kabete, nje ya Nairobi, shule ya ufundi ya serikali.

Geji ilifika pwani na bara kwa njia hiyo, pamoja na inchi, skwea na neno la mwalimu. Sitazidharau shule hizo. Zilitoa mafundi hodari, na wao wakafundisha wengine chini ya miembe. Lakini zilifundisha kwamba zana halali ni ile iliyotoka ghalani, na ufito wa fundi wa mtaani ukaonekana ushamba.

Plaiwudi iliyobaki

Mwaka 1967 Tanzania ilipata Azimio la Arusha, na mwezi Machi Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilianzishwa 1973. Kenya nayo iliangaliwa upya na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972, iliyowaeleza wachumi kwamba mafundi wa vibandani ni uchumi hai, wala si ishara ya kukosa kazi. Mafundi wenyewe hawakuwa wanasubiri ripoti.

Wakati huo huo Marekani kulikuwa na watu waliochoshwa na mashine. Jarida la Fine Woodworking lilianza kuchapishwa mwaka 1975, na kurasa za majarida kama hilo zikajaa geji na violezo vya kujitengenezea, vya miti migumu, vimepakwa mafuta, vinang'aa. Mstaafu wa huko na kijana wa Keko, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, hawana mengi ya kuzungumza kuhusu bei ya maisha. Wakikutana mbele ya kiolezo cha mkia wa njiwa wataelewana bila kutafsiriwa.

Kiolezo hicho ni vibao viwili vilivyounganishwa kwa pembe mraba, ili kikikaa kwenye kona ya mbao kichore uso na mwisho kwa mara moja. Kibao kimoja kimekatwa mteremko: moja kwa sita kwa mbao laini, moja kwa nane kwa ngumu. Mbao laini inataka jino lililopanuka zaidi kwa sababu nyuzi zake hubonyea. Ngumu haitaki, maana pembe ya jino ikiwa kali mno inavunjika. Seremala hakati mteremko huo kwa kipimapembe. Anachora mstari mraba kwenye kibao, anapima sita juu na moja pembeni, anaunganisha nukta kwa kisu, anakata. Dakika chache, na meno ya droo zote za oda yanakuwa na uso mmoja.

Kwa vitanda na madawati, kiolezo ni kikubwa na kibaya zaidi sura yake: kipande cha plaiwudi chenye ukingo uliopigiliwa kijiti cha kuegemea, na mapengo mahali penye ndimi. Mwaka 2016, Rais John Magufuli alipoagiza upungufu wa madawati shuleni umalizwe, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 lilizobana katika matumizi yake, kazi ilikwenda kwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Magereza na karakana nyingi za mitaani. Katika oda ya namna hiyo futi kamba hutumika asubuhi ya kwanza. Baada ya hapo anayechora anaweza kuwa kijana wa wiki ya pili, akilaza plaiwudi na kupitisha msumari, kwa kasi ambayo fundi mkuu hawezi kuifikia kwa namba.

Brunel aliufanya mstari wake kwa chuma na mashine 45. Fundi huyu wa madawati anaufanya kwa kipande kilichotupwa, na kesho akipata oda ya milango atakikata upya. Tofauti nyingine ni kwamba huyu bado anaiona kila mbao. Hilo lina maana, kwa sababu mbao za msonobari zinazouzwa Dar es Salaam mara nyingi zinafika mbichi kutoka mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, na mbao ya upana wa milimita 100 inaweza kupoteza milimita tatu au nne inapokauka. Kiolezo cha plaiwudi hakikauki nayo. Ulimi uliochorwa sawasawa na tundu leo utakuwa unacheza ndani yake kiangazi kijacho. Fundi anayeligundua hilo huigusa mbao kwa kiganja kabla ya kuchora, na ikiwa bado na baridi ya maji husogeza kiolezo kidogo, upana wa mkwaruzo mmoja, ulimi ubaki mnene kuliko tundu, kisha huugonga uingie kwa nguvu.